Kuuza tela la kambi lililotumika kwa mnada wa mtandaoni ukiwa Iringa: mwongozo kamili

Wanaoniandikia kuhusu jambo hili wanafanana. Tela la kambi, yaani tela la kuvutwa na gari lenye hema linalokunjuliwa, ni zuri, lilikuwa la kampuni ya utalii au la mgeni aliyerudi kwao, limekaa uani Kihesa au Mafinga misimu miwili. Mwenyewe akaliweka mnadani mtandaoni. Akapata maswali arobaini na madau mawili, yote ya kitoto. Au dau lilifika pazuri, kisha mshindi akazima simu. Sasa anasema mnada wa mtandaoni ni mambo ya Dar, huku kwetu hauwezekani.

Sikubaliani naye. Wanunuzi wa tela la kambi wako Dar, Arusha, Mbeya, wachache Njombe, na mtandao ndiyo njia pekee ya kuwakutanisha bila kuwatembelea. Shida ni kwamba mtu wa Dar akiangalia tela lililoko Iringa, kitu cha kwanza anachokiona ni kilomita 500 na mlima Kitonga katikati. Bei haimtishi. Anaogopa safari ya bure. Hatua nyingi hapa chini zinauondoa woga huo kipande kwa kipande. Zilizobaki zinamzuia mshindi asikimbie.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi halisi ya usajili wa tela, yenye jina lako au la kampuni yako
- TIN yako na kitambulisho cha NIDA
- Dalali wa mnada mwenye leseni, anayeendesha minada yake mtandaoni
- Jeki, mawe mawili ya kuzuia gurudumu, spana ya magurudumu, grisi
- Mita ya kupima umeme wa betri
- Brashi laini, siki, ndoo mbili, sabuni ya unga
- Simu yenye kamera nzuri, na kijana wa kukushikia upande wa pili wa hema
- Daftari
- Siku tatu za jua mfululizo

Hapo kwa dalali watu hushtuka: kwa nini nimlipe wakati kundi la WhatsApp naweza kufungua mwenyewe? Kwa sababu kunadi ni kazi ya leseni kwa sheria, na kwa sababu mnunuzi asiyekujua hatatuma amana kwenye namba yako binafsi. Kamisheni yake muiandike kabla, asilimia ngapi na inakatwa lini. Nyundo ni yake, lakini maandalizi yote ni yako, na wengi huangukia hapo.

## Hatua ya 1: Nyoosha karatasi kwanza

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi. Ifute kutu kwa brashi ya waya mpaka kila tarakimu isomeke. Ikipishana hata herufi moja, simamisha kila kitu uende TRA. Mnunuzi makini ataangalia hapo kabla ya kuangalia tairi.

Kama tela ni la kampuni, andaa barua ya kampuni inayoruhusu kuuza, na jiandae kutoa risiti ya mashine ya kodi (EFD). Kama ni la marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa mwenye funguo hana mamlaka hayo.

Pitia pia mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani kwa namba ya usajili. Deni dogo la faini lina tabia ya kujitokeza siku ya makabidhiano, mbele ya mgeni wako.

Onyo kubwa. Nyanda za Juu Kusini wanapita wasafiri wa magari kutoka kusini mwa Afrika, wakiingilia Tunduma, na mara nyingine huacha tela kwa rafiki: "liuze tu." Tela lililoingia nchini kwa kibali cha muda haliuziki mpaka lilipiwe ushuru wa forodha na kusajiliwa hapa. Kama lina namba za nje, usilipeleke mnadani. Lipeleke forodha.

*Umefaulu ikiwa:* kadi, namba ya chesisi na kitambulisho chako vinasimulia hadithi moja bila maelezo ya mdomo.

## Hatua ya 2: Fungua hema lote, leo, si siku mnunuzi anakuja

Hapa nina kovu langu mwenyewe. Tela la kwanza nililouza nilitumia picha za mwaka uliopita, hema likiwa safi. Mnunuzi akapanda kutoka Morogoro. Tukalifungua pamoja, na ndani tukakuta ukungu mweusi kwenye kona zote na kiota cha panya kwenye godoro. Alikata laki tisa papo hapo, nami sikuwa na mdomo wa kubishana.

Mvua za kwetu huanza Novemba na kuishia Aprili hivi. Hema lililofungwa Machi likiwa na unyevu hata kidogo litakuwa limeota ukungu ifikapo Mei. Kwa hiyo lifungue, lisimamishe kama linavyotumika, kisha fuata mpangilio huu:

1. Piga brashi kavu kwanza, ndani na nje. Ukungu ukilowanishwa kabla ya kupigwa brashi unazama kwenye nyuzi.
2. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, paka madoa, acha nusu saa, suuza.
3. Acha likauke juani kutwa nzima, madirisha wazi. Walioko Mufindi, ukungu wa asubuhi mnaujua: anzeni saa nne, anueni kabla ya saa kumi.
4. Mwagia maji kwa ndoo juu ya paa na kwenye mishono, dakika kumi, kijana akiwa ndani na tochi.

Usitumie jiki. Inang'arisha doa lakini inakula uzi wa pamba, na turubai litachanika mikononi mwa mnunuzi. Usiogope pia kama turubai la pamba linatoa matone machache dakika za mwanzo. Nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba vitobo. Likiendelea kuvuja baada ya hapo, weka alama ya chaki mahali penyewe. Huo ni uvujaji wa kweli, na utauandika kwenye tangazo.

Kisha vuta kila zipu mara tatu. Zipu iliyokufa ni kazi ndogo kwa mshona mahema au fundi viatu mzuri, ila kwa mnunuzi ni dalili ya tela lililotupwa. Hesabu nguzo, vigingi na kamba. Andika idadi.

*Umefaulu ikiwa:* ukiingia ndani ya hema na kufunga madirisha, pua yako haikwambii chochote.

## Hatua ya 3: Chini ya tela

Anayetoka mbali atalivuta tela kurudi nalo siku hiyohiyo. Magurudumu yanayoweza kwenda Dar ni sehemu ya bei.

Tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara la mviringo. 3218 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2018. Tela la kambi hutembea kidogo, hivyo tairi huzeeka kabla ya kuisha kashata. Tazama nyufa ndogo ubavuni. Ukiziona, usipake rangi nyeusi ya kung'arisha. Badilisha, au sema.

Beringi. Zuia gurudumu moja kwa mawe, pandisha jingine kwa jeki. Lizungushe kwa mkono na usikilize kama linasaga. Kisha lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, fundi alifungue, aoshe, aangalie, aweke grisi mpya. Halafu livute kilomita kumi hivi, tuseme Ipogolo kwenda na kurudi, na uguse kitovu cha gurudumu kwa tahadhari. Kuwa vuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, beringi imekwisha au imekazwa kupita kiasi.

Kiungio. Matela mengi ya sasa yana kikombe kinachokaa juu ya mpira wa chuma wa milimita 50 ulioko kwenye gari. Ya zamani ya aina ya jeshi yana pete ya chuma. Pima na uandike, kwa sababu mnunuzi akifika na gari lenye mpira wakati wewe una pete, siku imeharibika kwa wote wawili.

Breki. Kama tela halina breki zake, na mengi madogo hayana, liandike hilo kwa maneno yasiyo na kona. Atashuka nalo Kitonga.

Taa na umeme. Jaribu taa zote likiwa limeunganishwa na gari, sio kwa betri ya pembeni. Betri ya ndani iachwe usiku mzima bila kuchajiwa wala kutumika, asubuhi uipime. Ya maji au asidi ikisoma volti 12.6 na kuendelea, imejaa na inashika chaji. Ikisoma 12.0 kushuka, ichaji tena, irudie. Ikianguka tena, uza tela bila betri. Mabomba ya gesi yapakwe povu la sabuni, na mapovu yakikua, kuna mvujo.

## Hatua ya 4: Picha na video

Piga saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi jioni. Jua la saa sita linatia kivuli kizito ndani ya hema na turubai linaonekana limepauka.

Picha zinazotakiwa ni hizi: pande nne likiwa limefungwa, pande nne likiwa wazi, chini ya chesisi, kila tairi na tarakimu zake, kiungio na kipimo cha futi juu yake, jikoni, godoro, na kila kasoro kwa karibu. Ndiyo, kila kasoro.

Video moja ndiyo itakayouza. Isikatwe: anza tela limefungwa, lifungue mpaka hema lisimame, ingia ndani, toka, onyesha taa zikiwaka. Mwanzoni taja tarehe kwa sauti. Isiwe na muziki. Mtu wa Arusha anataka kusikia zipu.

Usioneshe kadi ya usajili mtandaoni, na namba ya usajili ifunike kwenye picha za wazi. Matapeli huchukua picha na kadi za watu, wakauza tela ambalo hawajawahi kuliona. Aliyeweka amana ndiye anayeoneshwa kadi, tena kwa simu ya video.

## Hatua ya 5: Tangazo

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwa na WhatsApp. Kwenye simu kila tela ni zuri, na mnunuzi amekwisha kutapeliwa mara moja huko nyuma.

Anza na kasoro. Nimeona tangazo lililofunguliwa kwa "Mshono wa kona ya nyuma kushoto unavuja, breki hakuna, tairi ni za 2018, zina nyufa" likapata madau mengi kuliko jirani yake lililoandikwa "lipo vizuri sana, halina shida." Huyo wa pili kila mtu anajua kuna kitu amekificha. Wa kwanza amekwisha kusema yote, na mnunuzi anaweza kuhesabu gharama akiwa kwake.

Baada ya kasoro, taja: lilipo, urefu likiwa limefungwa na likiwa wazi, wanaolala wangapi, aina ya kiungio, hali ya kadi, vitu vinavyoenda nalo kwa idadi. Maneno kama "bei ya kutupa" na "wahi" yaache.

Usimwandikie mtalii peke yake. Tela kama hili hununuliwa na mkandarasi wa misitu anayelala msituni Sao Hill, mfugaji nyuki, watafiti, kanisa lenye mikutano ya vijijini, hata mwenye shamba la parachichi Rungwe asiyetaka kujenga nyumba shambani. Sentensi moja inayowataja inatosha.

## Hatua ya 6: Bei tatu

Unahitaji namba tatu, yaani bei ya chini, bei ya kuanzia na nyongeza ya kila dau, na ni vizuri ziandikwe daftarini kabla hujapata dau lolote, maana baada ya hapo moyo utakuhesabia.

Bei ya chini ni ile ambayo chini yake uko tayari tela lirudi uani. Ipate kwa kujumlisha: chesisi na magurudumu vingeuzwa bei gani kama tela tupu la mizigo? Hema lingeuzwa bei gani peke yake? Jiko, friji, betri? Jumla hiyo ndiyo sakafu. Ulichonunulia miaka sita iliyopita hakihusiki, na najua kinauma.

Bei ya kuanzia iwe chini ya hiyo, kwa wazi. Tuseme sakafu yako ni milioni 6: anzia milioni 3. Ukianzia milioni 6, chumba kinanyamaza, na hakuna anayependa kuwa wa kwanza kunena katika chumba kilichonyamaza. Watu watatu wakishapita milioni 4, wanashindana wao kwa wao.

Nyongeza iwe laki moja. Ya elfu kumi inachosha, ya nusu milioni inafukuza.

Kama una bei ya chini, tangazo liseme ipo, ingawa si lazima useme ni ngapi. Na usimtume shemeji yako apandishe dau kimyakimya. Ni udanganyifu kisheria, mnunuzi anaweza kuukataa mkataba, na shemeji mwenyewe huwa anashinda.

## Hatua ya 7: Amana na masharti

Hapa ndipo mshindi anayezima simu anapozuiwa. Asiyeweka amana haweki dau, hata kama ni mheshimiwa. Laki mbili kwa tela la milioni sita inatosha: haimuumizi mwenye nia, inamuumiza anayecheza. Iende kwenye akaunti ya dalali, na masharti yaseme haya waziwazi:

- walioshindwa wanarudishiwa ndani ya siku mbili;
- mshindi analipa salio ndani ya siku tano;
- asipolipa, amana inabaki kwa muuzaji na tela linakwenda kwa wa pili kwa dau lake;
- tela likikutwa tofauti na tangazo, amana inarudi yote.

Sharti la mwisho wauzaji hulipinga. Liache. Ndilo linalomwambia mtu wa Dar kwamba safari yake si ya bure.

## Hatua ya 8: Siku za mnada

Mwezi bora ni Mei. Mvua zimekatika, na msimu wa kiangazi wa hifadhi ya Ruaha, Juni hadi Oktoba, ndio wenye kambi wanaojiandaa nao. Panga mnada wa siku saba unaofungwa Jumapili saa tatu usiku, karibu na mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu na ya nne ziwe za ukaguzi. Asiyeweza kuja atume fundi wake wa Iringa, na usimchagulie fundi. Wengine watakupigia video, "Kamwene mkuu, hebu nioneshe chini." Nenda uoneshe, hata kama ni mara ya nane siku hiyo.

Atakayekuja faragha na "bosi, funga mnada nikupe milioni tano sasa hivi" mwambie aiandike mnadani. Mara nyingi anajua kitu kuhusu thamani ya tela ambacho wewe hujakijua.

Kanuni moja ya dakika za mwisho: dau likiingia ndani ya dakika tano za kufunga, muda unaongezwa dakika tano. Bila hiyo, wajanja hukaa kimya mpaka saa tatu kasoro sekunde kumi, na bei haipandi.

*Umefaulu ikiwa:* watu watatu tofauti wamepita bei yako ya chini. Mmoja peke yake akiipita, uza, lakini jua tangazo lako halikufika mbali.

## Hatua ya 9: Kupokea pesa

Salio lipokelewe benki, ikiwezekana wote mkiwa kaunta, au kwa TISS, uhamisho wa moja kwa moja kati ya benki na benki. Pesa imeingia pale benki yako inaposema imeingia. Picha ya risiti si pesa. Ujumbe mfupi wa simu si pesa pia: wa kughushi unafanana na wa kweli hadi nukta, kwa hiyo kama sehemu inalipwa kwa M-Pesa, piga *150*00# uangalie salio mwenyewe. Hundi usiihesabu kuwa pesa mpaka benki yako iseme imelipwa.

Akikwambia amezidisha, "nirudishie laki tatu kwenye namba hii", usirudishe popote isipokuwa akaunti ileile iliyotuma, na baada ya benki kuthibitisha.

## Hatua ya 10: Makabidhiano

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, nakala tatu, wenye namba ya chesisi, orodha ya vitu, kasoro zilizotangazwa, na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu: ajali ikitokea Ruaha Mbuyuni saa kumi jioni, ni lazima ijulikane tela lilikuwa la nani saa hiyo.

Fungueni hema pamoja, mhesabu nguzo kwa daftari. Unganisha taa kwenye gari lake. Kaza nati za magurudumu mbele yake na umwambie asimame akaze tena baada ya kilomita hamsini. Uzito uwe mwingi kidogo mbele ya ekseli, kwa sababu tela lililolemewa nyuma huyumba kwenye mteremko. Na mwache alale Iringa kama ni jioni. Kitonga usiku na tela usilolizoea hakufai.

Kisha nendeni TRA pamoja kuhamisha umiliki: kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho vya wote wawili. Kuna ada ya kuhamisha, ya kadi mpya, na ushuru wa stempu unaotokana na thamani, na nani analipa kipi iwe imeandikwa kwenye masharti ya mnada. Atakayesema "nipe tu kadi nitabadilisha Dar" anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado asibadilishe miaka mitatu, faini zote zikija kwa jina lako. Ikilazimu aondoke kabla kazi haijakamilika, mpe nakala ya kadi, halisi ibaki kwa wakili.

Akishaondoka, futa matangazo yote ili usiamshwe alfajiri na "bado lipo?" Na mpaka akutumie picha ya kadi mpya yenye jina lake, nakala yako ya mkataba isitoke kwenye droo.